Kumbukumbu ya Kamba

Profesa, uliniuliza mbele ya jopo
Tanga inahusiana nini na mwezi,
ukacheka kidogo, ukafunika kalamu.
Nikakujibu kwa ukurasa na tanbihi.
Jibu lenyewe nilikuwa nimeliacha Ngamiani,
barabara ya kumi na tano,
limekaa mkekani, linachagua mchele
kwa vidole tisa.

Cha kumi kilikwenda na korona,
mwaka wa sabini na moja, zamu ya alfajiri.
Sisemi ule ugonjwa. Nasema mashine
inayokamua jani la mkonge mpaka ibaki singa.
Mama haongezi neno hapo.

Usiku umeme ulipokatika
nilimsomea sura ya tatu kwa tochi ya simu:
kwamba kabla mtu hajakanyaga kule
palikuwa na chuo, na maabara ya chuo,
na vijana wa hesabu, mashati mikono mifupi,
walioagizwa akili ndogo
ya kutosha ndani ya chombo.
Kwamba akili ile ilisukwa.

"Ilisukwa?" Mama akaweka ungo chini.

Ilisukwa. Chuo kilichora, kiwanda kikasuka.
Wanawake walikaa uso kwa uso
wakipokezana sindano, wiki baada ya wiki,
waya na vipete, vipete na waya:
ukipita ndani ni moja,
ukipita nje ni sifuri,
na kamba ikishafungwa haifumuki, haijui kusahau.

"Wasomi wakaiitaje?"
Kwa utani, kumbukumbu ya vikongwe.
Alicheka hadi akakohoa.
"Walikuwa wasichana hao. Nani anampanga kikongwe zamu ya usiku?"

Halafu akauliza
swali ambalo ninyi watano hamkuliuliza:
"Majina yao yako ukurasa wa ngapi?"

Nikafunua. Nikafunua tena.
Yumo Mrusi wa kwanza kuizunguka dunia.
Yumo mwanamke wa kwanza kumfuata,
naye alitoka kiwanda cha nguo, hilo nililiandika.
Yumo aliyeshuka ngazi kwenye vumbi la mwezi
na udaktari wa chuo kilekile.
Nikazima tochi, eti chaji inaisha.

Mama akaingia ndani kwa kupapasa,
akatoka na kopo la biskuti.
Kipande cha babu.
Babu aliyepanda lori Songea akiitwa Luambano
akashuka Ngomeni akiitwa mia nne kumi na sita,
manamba katika manamba.
Visanduku thelathini: siku ya kazi, alama;
siku ya homa, patupu.
"Washa," akasema.
Akapitisha juu yake kile kigutu laini.
"Moja. Moja. Sifuri. Moja.
Alikuwa halipwi mpaka zitimie."

Miaka minne nimelipia kozi kujifunza hesabu hiyo.

Nikamalizia sura, kwa sauti ya chini.
Dakika za mwisho, mwezi uko chini ya miguu,
kompyuta ikapiga kengele: kazi zimenizidi.
Ikaziachia ndogondogo,
ikashika ile moja ya kuwafikisha.
"Kama mtu mwenye watoto," Mama akasema,
akarudi kwenye mchele wake gizani.

Profesa, mlinipitisha kwa masahihisho madogo:
tahajia, jedwali la pili, tanbihi mbili.
Nimeyafanya yote.
Ila nakala ya maktaba mtaikuta haina gundi.
Mama ameishona mgongo kwa singa,
tundu kwa tundu, akilowesha uzi kwa mate,
na penye sura ya tatu
kuna tundu moja amelizunguka kwa nje.

Nilidhani macho yamemchoka.
Nikamwambia, Mama, hapa umeruka.
"Sikuruka," akasema, akikata uzi kwa meno.
"Hiyo ni sifuri.
Siku ile sikulipwa."